Maswali ya Wasomaji: Mende wa Kulishia Mijusi, Samaki na Vinyonga

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu chakula hai cha wanyama wa kufugwa, na barua zikaja kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Karibu zote zinauliza habari ya mende: achaguliwe yupi, azalishwe vipi, na akitoroka itakuwaje. Zinazofanana tumezijibu pamoja. Wanaochefukwa na mende waruke kurasa hizi, hatutaweka kinyongo.

SWALI: Nina samaki wawili aina ya oska kwenye tangi la lita 300, na wanapenda wadudu ajabu. Chemba ya maji machafu ya nyumba yetu imejaa mende wakubwa wa kahawia. Kwa nini nihangaike kufuga wakati wapo wa bure?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu hujui jana walikula nini. Dawa ya jeli inayopakwa pembeni mwa makabati imetengenezwa makusudi ili mende ale, arudi maskani, afie huko na wenzake wamtafune. Maana yake mende mwenye sumu hutembea saa nyingi akiwa anaonekana mzima kabisa. Fipronili, mojawapo ya sumu zinazotiwa kwenye jeli hizo, ni kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Ongeza na bakteria wa salmonela wa chemba, na minyoo ambayo hukaa ndani ya mende ikisubiri aliwe na mnyama mwingine.

Wako wanaofikiri kuwaweka mende hao hao kwenye sanduku na kuwazalisha. Hatushauri. Wanapanda kioo na plastiki bila shida, wana harufu, na wakitoroka wanakuwa tena wale wale unaowapiga kwa ndala usiku. (Kisayansi wanaitwa Periplaneta americana, ingawa asili yao ni Afrika.)

Oska hawadai mende. Wape chakula cha vidonge kila siku, na vipande vya kamba au nyungunyungu kutoka shamba lisilopigwa dawa. Mende wa kufugwa awe nyongeza, mara moja kwa wiki.

SWALI: Mwanangu amepewa gekko (mjusi mdogo) wa madoa ya chui. Duka la hapa linauza nyenje na mende wa aina tatu: dubia, discoid, na wale wekundu wenye mbio. Wote bei inakaribiana. Nichukue wepi?
Baba wa watoto watatu, Minneapolis

JIBU: Usianze na bei wala kasi ya kuzaa. Anza na swali hili: wakitoroka kumi usiku mmoja, baada ya mwaka nyumba itakuwaje?

Dubia, yaani Blaptica dubia kutoka Amerika Kusini, hapandi plastiki safi wala kioo, haruki, hana mbio, na hawezi kuzaa chini ya nyuzijoto 24 hivi. Nyumba yako wakati wa baridi ina nyuzi 20 au 21. Dubia atakayetoroka atajificha nyuma ya friji, ataishi wiki kadhaa, atakufa bila kuacha ukoo. Jike hatagi mayai ovyo. Hubeba kifuko cha mayai tumboni na kuzaa watoto hai, 20 hadi 30 kwa mkupuo. Kwa hiyo hakuna yai litakaloshikamana na trei likahamia kabatini. Mkubwa hufika sentimita 4 hadi 4.5, mtoto anazaliwa na milimita tatu tu, hivyo ndani ya sanduku moja unapata saizi ya kila mdomo.

Wale wekundu ni mende wa Turkestan, Shelfordella lateralis. Hawapandi kioo, ni laini, na mbio zao humwamsha hata mjusi mvivu. Lakini hutaga vifuko vya mayai na kuvidondosha popote, na wakitoka nje mahali pakavu penye joto hujenga makao. Marekani walionekana mara ya kwanza California mwaka 1978, na leo katika maeneo ya kusini-magharibi wamewasukuma kando mende weusi waliokuwa wamezoeleka bustanini. Hapo Minneapolis baridi ingewamaliza nje, lakini ndani ya jengo lenye chumba cha chini chenye joto, sisi tusingejaribu.

Discoid, Blaberus discoidalis, anafanana na dubia kwa tabia ila ni mkubwa zaidi na anataka unyevu zaidi. Faida yake hasa ni ya kisheria: jimbo la Florida haliruhusu dubia, ndiyo maana wafugaji wa huko wote wako kwa discoid. Kanada nako dubia haruhusiwi. Ukihama jimbo, uliza kwanza.

Kwa gekko mmoja, chukua dubia. Nyenje wana kelele, wananuka, wanakufa kwa mafungu, na wakibaki usiku ndani ya tangi humtafuna mjusi ngozi.

SWALI: Binamu yangu anakuja kutoka Ujerumani na amesema anaweza kuniletea dubia 50 kwenye mzigo wake. Anahitaji karatasi gani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Asiwabebe. Wadudu hai kutoka nje huingia Kenya kwa kibali kinachotolewa kabla ya safari, na pa kuulizia ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania, uliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mdudu mgeni mwenye uwezo wa kuishi kwenye joto la Pwani si kitu cha kuingizwa na chupa ya sabuni kwenye begi. Hoja ya kwamba dubia akitoroka hufa ni ya Minneapolis. Mombasa au Tanga hatuna uhakika huo wa baridi.

Wewe unaye mende mwingine karibu: Nauphoeta cinerea, wa kijivu, sentimita 3 hivi, mwenye alama mgongoni karibu na kichwa inayofanana na kamba koche. Asili yake ni upande wetu huu wa Afrika na sasa ameenea tropiki nzima. Naye huzaa watoto hai, na kwa nyuzi 28 hadi 30 mtoto hukua ndani ya miezi mitatu hivi, mapema kuliko dubia. Kasoro yake ni moja lakini kubwa: anapanda kioo kama mjusi. Paka mkanda wa mafuta ya mgando wenye upana wa sentimita 8 ndani ya sanduku, chini kidogo ya mdomo, na uupake upya kila ukiona umeshika vumbi. Mkanda wenye vumbi ni ngazi.

Ukianza na waliokamatwa ghalani, usilishe hao wenyewe. Wape chakula safi, wazae, walee watoto wao, na ulishe mnyama wako kuanzia kizazi cha pili.

Jambo la mwisho, maana barua yako haikusema unalisha nini: Kenya mnyamapori wa kufugwa nyumbani anahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na kinyonga wa bustanini ni mnyamapori.

SWALI: Naomba maelezo kamili ya sanduku, mkeka wa joto na idadi ya kuanzia. Nimesoma maelekezo mengi yanayopingana. Nina gekko wawili na mjusi mmoja wa ndevu wa Australia aliyekomaa.
Mwanafunzi, London

JIBU: Tuanze na hesabu, kwa sababu watu wengi hununua mende kwa kukisia kisha wanaishia kuwalisha mijusi hata mende wazazi.

Jike mmoja wa dubia mwenye joto la kutosha huzaa watoto kama 25 kila siku 65 hivi. Majike 100 ni watoto 2,500 kwa siku 65, karibu 38 kwa siku. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Wapo watakaokufa, na wapo utakaowaacha wakue wawe wazazi wapya, kwa hiyo shika nusu: 19 kwa siku. Gekko mkubwa hula wadudu watano hadi saba kila siku ya pili au ya tatu. Wako wawili tuwape sita kwa siku kwa pamoja. Mjusi wa ndevu aliyekomaa chakula chake kikubwa ni majani, na wadudu kumi mara tatu kwa wiki wanamtosha, yaani wanne au watano kwa siku. Jumla ni 11. Majike 60 na madume 15 yatakutosha bila kupungukiwa. Dume mmoja kwa majike wanne ni uwiano mzuri. Madume wakizidi wanasumbua majike na kutafunana mabawa. Kuwatambua ni rahisi wakishakomaa: dume ana mabawa marefu yanayofunika tumbo lote, jike ana vipande viwili vifupi tu mabegani.

Sanduku: la plastiki nene, rangi nyeusi au ya kuzuia mwanga, lita 60 hadi 70, ukuta laini ndani. Kata matundu mawili ya sentimita 10 kwa 20, moja kwenye mfuniko na jingine juu ubavuni, uyazibe kwa wavu wa chuma au alumini uliofungwa kwa gundi ya moto. Usitumie chandarua cha nailoni. Wanakitafuna, na utaligundua hilo siku ambayo hutaki wageni. Usiweke udongo wala maranda.

Trei za mayai 10 hadi 12 za karatasi, mpya, zisimame wima kama vitabu kwenye rafu. Zikilazwa, kinyesi hujaa kwenye mashimo na watoto wadogo hufukiwa humo. Zikisimama, kinyesi chote hudondoka chini. Trei zilizotoka kwenye banda la kuku zenye mabaki ya kinyesi zina salmonela. Usipokee hata za bure.

Joto: nyuzi 28 hadi 32 upande mmoja, upande wa pili ubaki na 24 au 25 ili wachague wenyewe. Mkeka wa joto ubandike nje ubavuni, theluthi ya chini, ukiwa umeunganishwa na thermostati (kifaa cha kudhibiti joto) ambayo kitambuzi chake kimekaa kati ya mkeka na plastiki, ukiiweka kwenye 32. Usiuweke chini ya sanduku. Kinyesi kikikusanyika sakafuni huzuia joto lisipande, mkeka unazidi kuwaka, plastiki inalainika. Na mkeka usio na thermostati usiuwashe kabisa, hata kama umeandikwa kwamba ni salama. Usiku joto likishuka hadi 21 haina neno. Umeme ukikatika kwa muda wa saa kumi na mbili, funika sanduku kwa blanketi na uendelee na shughuli zako. Wanasimama kuzaa, hawafi.

Unyevu asilimia 40 hadi 60. London ndani ya nyumba yenye hita inaweza kushuka chini ya hapo, na dalili yake ni watoto kunaswa kwenye ngozi wanapojivua.

Maji ya kisahani hapana, watoto huzama. Tumia punje za jeli zinazofyonza maji, au kipande cha karoti na chungwa. Chungwa huonekana kuwachangamsha majike kuzaa. Wafugaji wengi wanalisema hilo, na gharama ya kujaribu ni robo chungwa.

Sasa uvumilivu. Ukianza na wakubwa, usiguse watoto miezi mitatu ya kwanza. Endelea kununua wa kulisha. Ukianza na watoto wadogo, ngoja miezi sita au zaidi, kwa sababu dubia huchukua miezi minne hadi mitano kukomaa hata kwenye joto zuri. Baada ya hapo toa wa saizi ya kati na madume ya ziada. Majike usiyaguse, yanaendelea kuzaa kwa mwaka na zaidi. Saizi ya kulisha: mende asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi.

SWALI: Naweza kuwapa mende mabaki ya wali na chakula cha paka? Na je, joto la Muscat si zawadi tosha, kwa nini nitumie umeme?
Mama wa nyumbani, Muscat

JIBU: Chakula cha paka ndicho kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, na lina sababu nzuri ya kukatazwa. Mende anapokula protini nyingi hatoi nitrojeni ya ziada yote nje. Huihifadhi mwilini kama asidi ya yuriki ndani ya mafuta yake, na bakteria maalumu wanaoishi humo humsaidia kuitumia tena siku za njaa. Kwake ni akiba. Kwa mjusi anayemla kila siku ni mzigo wa figo, na mwisho wake ni jongo: viungo vinavimba, mnyama anakataa kutembea. Mende hao hao wa chakula cha paka huonekana wanene na wanazaa sana, ndiyo maana mtu hashtuki.

Wali si sumu, ila ni wanga mtupu, unachacha upesi na kuleta kuvu. Tumia mchanganyiko mkavu: pumba za ngano gramu 500, oti gramu 300, chakula cha vifaranga kisichotiwa dawa gramu 200. Hapo unapata protini karibu asilimia 16. Saga uwe unga wa chenga, weka kwenye kisahani kifupi, na ongeza kikiisha. Kiwe kikavu siku zote.

Juu yake weka mboga mbichi kila siku ya pili: karoti, boga, sukuma wiki, majani ya figili. Osha vizuri, hasa za sokoni. Zikishakaa saa 24 ziondoe hata kama hazijaisha. Mchicha na spinachi usizitegemee, zina oksalati inayofunga kalsiamu. Parachichi liache kabisa ikiwa unalisha ndege, kwani lina persini ambayo kwao ni sumu.

Siku moja au mbili kabla ya kulisha, watenge mende wa kuliwa kwenye kopo lao na uwape mboga bora uliyonayo. Kilicho tumboni mwa mende ndicho anachokula mjusi wako.

Kuhusu joto: ndani ya nyumba yenye kiyoyozi pengine una nyuzi 23 au 24, ambazo ni chache kwa kuzaa. Roshani wakati wa kiangazi inapita 40, na juu ya 38 wanaanza kuteseka, majike yanaharibu mimba, kisha wanakufa kwa siku moja. Stoo au chumba kisicho na kiyoyozi kilicho upande usiopigwa na jua ndicho mahali pao, na kipimajoto kiwe ndani ya sanduku, si ukutani. Pia, mende wa Turkestan wapo porini tangu Afrika Kaskazini hadi Asia ya Kati, Rasi ya Arabuni ikiwemo. Wakikutoroka huko uliko, watajiona wamefika kwao.

SWALI: Tunafanya kazi kwenye bustani ya nyoka na mijusi inayopokea watalii, kwa kibali. Unga wa kalsiamu wa dukani ni ghali na hauji kwa wakati. Chokaa inafaa? Na kwa nini vinyonga wetu wanakataa mende?
Wafanyakazi, Arusha

JIBU: Chokaa inafaa, ila kwenye duka la vyakula vya mifugo na la vifaa vya ujenzi utauziwa vitu vitatu vyeupe vinavyofanana, na kosa linaua.

Cha kwanza ni chokaa ya kuku, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, ndiyo mnayoitaka. Cha pili ni DCP, yaani dikalsiamu fosfeti. Ina kalsiamu lakini ina fosforasi pia, na mende tayari ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kazi nzima ya unga ni kusawazisha hilo, hivyo DCP inawarudisha mlipotoka. Cha tatu ni chokaa ya kupaka ukuta, kalsiamu haidroksidi, ambayo huunguza mdomo na macho. Dondosha siki juu ya kijiko kimoja: ya kuku hutoa povu kwa nguvu, DCP haitoi. Msitegemee siki peke yake lakini, maana chokaa ya ukuta iliyokaa wazi muda mrefu nayo hutoa povu kidogo. Nunueni kwenye mfuko wenye maandishi.

Maganda ya mayai nayo ni kalsiamu kaboneti. Chemsheni dakika kumi, yakauke kabisa juani, yasagwe na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi hadi yawe kama poda ya mtoto. Chenga hazishiki kwenye mende. Wawekeni mende kwenye kopo lenye unga kidogo, tikiseni mara tatu nne, kisha lisheni papo hapo. Mende hujisafisha, na baada ya nusu saa unga mwingi umeshatoka.

Vitamini D3: mijusi wanaopata jua la moja kwa moja nje huitengeneza wenyewe, kwa hiyo chokaa tupu inatosha. Walio nyuma ya kioo hawaipati hata kama kioo kinapigwa na jua kutwa, kwani kioo huzuia miale inayohitajika. Hao wanahitaji taa maalumu ya UVB, au unga wenye D3 mara mbili kwa mwezi.

Vinyonga hawajakataa, hawawaoni. Kinyonga huvutwa na kinachotembea, na mende wa aina hizi akihisi hatari hujibana na kutulia kama jiwe, au hujichimbia. Tundikeni kikombe chenye ukuta laini kwenye tawi, mende ndani, kimo cha macho ya kinyonga. Mende atajaribu kupanda na kuteleza, kupanda na kuteleza, na ulimi utatoka. Kwa mende wenu wa kijivu wapanda kioo, pakeni mafuta ya mgando mdomoni mwa kikombe.

SWALI: Mende wangu wa dubia wana miezi minne hawajazaa. Wengine wanatoa kitu cha njano nyuma. Juzi nimeona mmoja mweupe pe, nikamtupa nikidhani ana ugonjwa.
Msomaji, Stockholm, barua kama hii pia kutoka Rotterdam na Leicester

JIBU: Mweupe ulimtupa bure. Mende akijivua ngozi hutoka mweupe kama maziwa, macho meusi, na hurudia rangi yake baada ya saa chache akishakauka. Wakati huo ni laini, na ndiye mende bora kwa mjusi mwenye taya dhaifu.

Kitu cha njano kina maana mbili. Jike anapotengeneza kifuko cha mayai hukisukuma nje polepole, chote, kikiwa na mistari kama kipande cha hindi changa. Hukigeuza ubavu, kisha hukivuta kurudi tumboni. Ukifunua sanduku wakati huo utadhani anaharibu mimba, kumbe ndiyo kwanza anaianza. Mwache, funika. Lakini ukikuta vifuko sakafuni, vimekauka na kugeuka kahawia, hapo kuna tatizo. Mara nyingi ni maji: punje za jeli zimekauka, au mboga hazijawekwa siku kadhaa. Baada ya hapo ni joto kupanda ghafla, na kufunuliwa ovyo. Kuna watu wanaohesabu mende wao kila jioni kama pesa za mchezo. Acheni.

Kutozaa miezi minne, kwa Stockholm, karibu kila mara ni joto. Pima katikati ya trei, si kwenye mkeka. Tukikisia, utakuta 23. Jambo la pili la kukagua ni umri: kama ulinunua watoto wa sentimita mbili wakakomaa mwezi uliopita, jike anahitaji wiki kadhaa kupandwa kisha miezi miwili ya mimba. Na la tatu, angalia kama una madume yaliyo hai. Dume huishi karibu mwaka mmoja, jike zaidi, hivyo kundi lililonunuliwa kwa pamoja linaweza kubaki na majike matupu.

SWALI: Sanduku linanuka na kuna vidudu vyeupe vidogo kama unga unaotembea.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ni utitiri wa nafaka, na harufu ni ya unyevu. Dubia au mende wa kijivu wakiwa wakavu hunukia kidogo tu kama pumba. Toa mboga na chakula chote leo. Wahamishe mende kwenye sanduku kavu lenye trei mpya, wape karoti tu kwa saa chache jioni, uiondoe kabla ya kulala, kwa wiki mbili. Utitiri unahitaji unyevu, mende anavumilia ukavu kuliko wao. Sanduku la zamani lioshe kwa maji ya moto, lianikwe juani. Dawa ya kupuliza usiiguse. Inayoua utitiri inaua mende.

Baada ya hapo, kata tundu la pili la hewa. Kwa unyevu wa Dar tundu moja halitoshi. Sisimizi nao watakuja, kwa hiyo miguu ya meza isimame kwenye vikopo vya maji yenye sabuni.

Kinyesi kisafishwe kila miezi miwili au mitatu, si kila wiki, kwa sababu watoto wachanga wanakila. Kabla ya kukitupa, kimwage kwenye beseni, weka juu kipande cha trei na karoti, ngoja siku mbili tatu. Watoto waliobaki hupanda juu, unawakung'uta nyumbani kwao. Kilichobaki kigandishe kwenye friza saa 48, kisha ni mbolea nzuri ya mchicha.

SWALI: Mtoto wangu ana pumu. Kuna hatari?
Mama, Birmingham

JIBU: Ipo. Vumbi la kinyesi na ngozi za mende ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana sana vya pumu, na wafugaji wenyewe huanza kupiga chafya baada ya miaka. Kwa nyumba yako, usizalishe. Nunua kidogo kidogo cha wiki, kopo likae nje ya chumba cha kulala, au mlishe mjusi kwa funza wa nzi askari mweusi, ambao pia wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine wa kulishia. Wengine wote: barakoa na glavu siku ya kusafisha, na kazi hiyo ifanyike nje. Anayewashwa mdomo akila kamba awe mwangalifu zaidi, kwani kamba na mende wana protini ya aina moja inayoleta mzio.

SWALI: Nifuge mende kwa ajili ya kuku 200?
Mfugaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Mende anataka miezi kuanzia mitatu hadi mitano kukua, kuku wako watakuwa wameshauzwa. Funza wa nzi askari mweusi wako tayari ndani ya wiki mbili hadi tatu na wanakula mabaki ya sokoni. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe iliyoko Kasarani, Nairobi, imefanya utafiti mwingi juu yao kama chakula cha mifugo. Wachemshe kidogo na kuwakausha kabla ya kuwapa kuku, maana funza aliyelelewa kwenye taka hubeba bakteria wa taka hizo.